Inayojua Kuachia

Mwezi umejaa, vipe vimelala mchangani Kibirizi,
taa zimevikwa viroba, injini ziko vifua wazi.
Hizi ndizo siku zetu mafundi:
dagaa wakipata mwanga wa bure juu
hawafuati wa betri.

Mama Butoyi akaja na boksi kifuani
kama mtoto aliyetoka kuchomwa chanjo.
Ndani, kioo cha kuonea samaki, waya mrefu mweusi,
na kidude cha kukaa chini ya maji, kwenye tezi,
kazi yake kukiuliza kina maswali.
"Usitoboe," akasema.
"Mninga huu marehemu aliuchagua mwenyewe Uvinza,
akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza.
Bandika."

Bandika. Neno jepesi kama stempu.

Nikapanda Mwanga, dukani kwa Ntahondi.
Silikoni naijua. Inashika leo kwa maneno mengi,
kesho maji yanainyemelea kwa chini,
inabanduka ukanda mzima kama utando wa maziwa.
Na ikishapita mahali, basi,
hata rangi haipakubali tena.

Epoksi, mikebe miwili:
changanya sawa kwa sawa upate jiwe.
Jiwe ni zuri kwa nyumba.
Ubao hunywa, huvimba, hukauka,
jiwe haliwezi mambo hayo;
litapasuka saa tisa usiku, tak,
taa za Bangwe zikiwa punje za mtama.

Poliyurethani Ntahondi aliibusu kabisa.
"Hii, Ruhomvya, ni ndoa ya kanisani."
Kwenye kopo wamechora meli na bahari ya chumvi.
Ziwa letu lina maji matamu,
ila hasira zake hazina habari na ladha.
Nikalipa.

Mama Butoyi akalipokea kopo, akaligeuzageuza.
"Ukitaka kuibandua?"
"Haibanduki, mama. Labda na ubao."

Akanyamaza mpaka kunguru wawili
wakamaliza ugomvi wao juu ya utumbo wa mgebuka.
"Kioo hiki bado si changu," akasema.
"Ni cha kikundi cha Jumanne. Marejesho kumi na moja.
Nikikwama mara mbili, katibu atakuja na bisibisi.
Wala sitamlaumu. Mwaka jana katibu nilikuwa mimi.
Nilibeba cherehani ya Stamili
uzi ungali ndani ya sindano.
Aje achukue chake.
Asiondoke na ubao wa mume wangu."

Nikapanda Mwanga tena. Ntahondi akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Nyuma ya misumari ya bati kulikuwa na ya nne,
kopo la vumbi, haina msifiaji:
inanyumbulika, inazuia maji,
itakaa miaka ukiiacha ikae,
na ukija na uzi wa mshipi
ukaukereza chini yake taratibu, huku na huku,
inaachia
bila kung'oa unyuzi mmoja wa mninga.
Ndivyo alivyoniambia. Mimi sikuwahi kuitumia.

Tulisugua msasa asubuhi nzima.
Miaka kumi na minne ya mafuta ya dagaa
haitoki kwa kitambaa kimoja cha thina.
Butoyi alinusa ubao, akasema bado,
tukasugua. Akanusa, bado.
Mara ya tano akapiga chafya, nikaichukulia kuwa ndiyo.
Tukapaka, tukakandamiza kwa kiroba cha mchanga,
siku saba, asiguse mtu.
Mwezi nao ukaanza kuliwa pembeni.

Usiku wa kwanza wa giza walitoka.
Niliona taa yao ikipita nyingine, ikawa ndogo,
sikujua tena ipi ni yao.
Malipo alinipa nusu, na ndoo ya dagaa atakaporudi.

Chini ya ukucha wa gumba nina gundi kidogo,
ile ile inayojua kuachia.
Tangu juzi naikwangua kwa kisu, kwa mafuta ya taa, kwa meno.
Haitoki.